Mali ya marehemu ni ndogo: je, ni lazima twende mahakamani?

SWALI

Shikamoo wakili. Naishi kijijini, wilaya ya Mufindi. Mume wangu alifariki mwezi wa tano akiwa hospitalini Mbeya. Hakuacha wosia. Tulifunga ndoa kanisani na tuna watoto wawili, wa miaka tisa na minne. Yeye alikuwa na mtoto mwingine wa kiume aliyempata kabla hajanioa, yuko Makambako kwa mama yake. Ameacha nyumba ya vyumba vitatu, ekari mbili za mahindi na viazi alizopewa na baba yake, ekari mbili za mipaina tulizonunua wote, pikipiki, shilingi 2,400,000 benki na hisa za VICOBA. Anadaiwa shilingi 600,000 za pembejeo na SACCOS. Baada ya kuanua matanga ukoo ulikaa ukamteua shemeji yangu kuwa msimamizi. Tangu hapo anasema mali yote iko chini yake, na ameanza kuleta watu kuangalia mipaina. Jirani ananiambia nisithubutu kwenda mahakamani, kwamba kwa mali ndogo hivi kesi itakula kila kitu. Je, ni lazima? Na mimi nina haki gani?

JIBU

Marahaba, mama. Pole sana kwa msiba, na poleni watoto.

Nianze na mipaina, maana hiyo haingoji. Shemeji yako, hata kama ukoo mzima umemteua, leo hii hana mamlaka ya kuuza hata mti mmoja. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na mpaka mahakama itoe karatasi ya uteuzi, shemeji yako ni ndugu wa marehemu kama ndugu wengine. Kwa hiyo kesho asubuhi andika barua fupi kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji, ukieleza kwamba shamba hilo ni sehemu ya mali ya marehemu, mirathi haijafunguliwa, na unaomba ofisi isishuhudie mauzo yoyote ya shamba wala ya miti iliyosimama. Bakia na nakala iliyogongwa muhuri. Wanunuzi wa mbao wakija, waoneshe. Miti ikishakatwa, hata ukishinda baadaye, utakuwa unadai fedha kwa mtu ambaye huenda ameshazitumia, na watoto watakuwa wamepoteza miaka yote ambayo miti hiyo imekua.

Sasa swali lenyewe. Kwa vitu vya ndani, nguo, vyombo, jembe, hakuna anayewalazimisha kwenda mahakamani mkiwa mmekubaliana. Lakini benki haitatoa fedha za marehemu kwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kadi ya pikipiki haibadilishwi jina kwa maneno ya wazee. Shamba litaendelea kuwa la marehemu kwenye daftari la kijiji mpaka kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kisheria kulihamisha. Kwa mali uliyoitaja, ndiyo, ni lazima.

Ila mahakama ninayoizungumzia siyo ile jirani yako anayoifikiria. Mirathi ya namna yenu kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ile ile ya tarafani ambako watu hupeleka madai ya mbuzi na mipaka. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, katika Jedwali lake la Tano, inaipa mahakama hiyo mamlaka ya kusimamia mali za marehemu pale sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu. Kinachoangaliwa ni mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Kufia kwake Mbeya hakuhamishi shauri, linabaki Mufindi. Lugha ni Kiswahili, fomu ni za Kiswahili, na huhitaji wakili. Nalisema hili nikiwa wakili: kwa mirathi ya ukubwa huu, ukiona mtu anakudai mamia ya maelfu ili akujazie fomu, ondoka. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa ambao kazi yao ni kuwasaidia watu kama wewe bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya itakuelekeza kwao.

Utaratibu wenyewe umewekwa kwenye kanuni za mwaka 1971, Tangazo la Serikali Namba 49. Unajaza Fomu Namba I, ambayo ni maombi ya kuteuliwa. Unaambatanisha cheti cha kifo, kile cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, siyo kibali cha mazishi. Kama hamjakichukua, anza nacho, na maombi siku hizi hufanyika hata kwa mtandao kupitia eRITA. Unaandika majina ya warithi wote na mali zote unazozijua. Mahakama inatoa tangazo, Fomu Namba II, linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku zilizoandikwa humo. Siku ya kusikilizwa mnafika na warithi na ndugu, hakimu anauliza maswali, na kama hakuna pingamizi la maana anateua. Karatasi ya uteuzi ni Fomu Namba IV. Hiyo ndiyo benki wanayoiulizia.

Muhtasari wa kikao cha ukoo utaulizwa karibu kila mahali, na ni vizuri uwepo kwa sababu unaonesha familia imeshirikishwa. Lakini usikubali kuambiwa kwamba ukoo ukikataa kukuandikia muhtasari basi mlango umefungwa. Jedwali la Tano linasema mahakama inaweza kumteua mtu yeyote mwenye maslahi katika mali hiyo, au ikiona inafaa, ofisa wa mahakama au mtu mwingine mwadilifu asiye na upande. Wewe mjane, mama wa warithi wawili, una maslahi. Unaweza kuomba mwenyewe. Unaweza pia kuomba mteuliwe wawili, wewe na shemeji, na mara nyingi mimi hupendelea hivyo pale ambapo uhusiano haujavunjika kabisa, kwa sababu benki itataka saini zenu wote na hakuna atakayeweza kutoa hela peke yake usiku.

Na hapa nikuombe uniskilize vizuri, kwa sababu mgogoro wako wote umesimama juu ya jambo hili. Msimamizi siyo mrithi. Ni mtu aliyekabidhiwa funguo za ghala la watu. Kushika funguo hakumpi mahindi. Kazi yake imeandikwa: kukusanya mali na madeni ambayo marehemu alikuwa anadai, kulipa madeni aliyokuwa anadaiwa pamoja na gharama za usimamizi, kisha kugawa kinachobaki kwa wenye haki. Shemeji akiteuliwa, anateuliwa kuwafanyia kazi watoto wa kaka yake. Akijimilikisha, anashitakika. Ukimsikia tena anasema mali iko chini yake, mwambie kwa heshima mbele ya wazee: kama iko chini yako, shemeji, lipa basi deni la SACCOS, halafu tuandikie orodha.

Orodha hiyo siyo hisani. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi anatakiwa kuwasilisha mahakamani Fomu Namba V, ambayo ni orodha ya mali na madeni, na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, Fomu Namba VI, ambayo ni hesabu ya fedha zilizoingia, malipo yaliyofanyika na mali zilizouzwa au kuhamishwa. Muda unaweza kuongezwa na mahakama, lakini lazima uombwe. Huku kwetu Nyanda za Juu, Iringa, Njombe, Mbeya, ugonjwa mkubwa wa mirathi midogo ninaouona ni huu: watu wanakimbilia Fomu Namba IV, wanatoa fedha benki, halafu hakuna anayerudi kufunga jalada. Miaka inapita. Msimamizi anazeeka au anakufa, watoto wanakua, ardhi inapanda bei kwa sababu parachichi limeingia, na ndipo kesi inafumuka, mbaya kuliko ile ambayo ingekuwapo mwanzoni. Msimamizi asiyefanya kazi yake kwa makusudi, aliyepata uteuzi kwa kuficha ukweli, au aliyekwenda kinyume na masharti, anaweza kutenguliwa na mahakama hiyo hiyo. Usiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo unakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Umeuliza una haki gani. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo sheria yetu ilipo ngumu.

Tanzania Bara hatuna sheria moja ya kugawa mali ya mtu aliyekufa bila wosia. Tunazo tatu. Ya kwanza ni ya kimila, iliyoandikwa mwaka 1963 katika Tangazo la Serikali Namba 436, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba katika wilaya nyingi za nchi. Humo mtoto wa kiume mkubwa yuko daraja la kwanza, wa kiume wengine la pili, wa kike la tatu, na mjane hana fungu kama mume ameacha watu wa ukoo wake. Inasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ya pili ni ya Kiislamu, ambamo mke mwenye watoto hupata moja ya nane. Ya tatu ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ndiyo, ya India, iliyoletwa na wakoloni na ambayo bado inatumika kwa watu wasiofuata mila wala Uislamu katika maisha yao. Hiyo inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume.

Chukua fedha zenu za benki tu. Toa deni la SACCOS, zinabaki shilingi 1,800,000. Kwa sheria ya India wewe unapata 600,000. Kwa ya Kiislamu ungepata 225,000. Kwa kanuni za mila za 1963, kwa jina lako, hakuna kitu. Mume ni yule yule, ndoa ile ile, jasho lile lile. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ililitazama jambo hili mwaka 2015, kwa malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, ikasema kanuni hizo za mila zinakiuka haki zao na serikali inapaswa kuzibadilisha. Naumia kila ninapolazimika kumweleza mjane haya.

Ipi itatumika kwenu? Ndoa ya kanisani peke yake haimalizi swali. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi: alikuwa wa kimila au alikuwa ameachana na mila, na kama alionesha nia ya mali yake kugawanywa kwa njia fulani. Mume wako aliishi kijijini kwao, akilima shamba la baba yake. Hakimu anaweza kabisa kusema ni sheria ya mila. Lakini kama mnaweza kuonesha kwamba maisha yenu yalikuwa ya Kikristo, kwamba mambo yenu ya ndoa, watoto na mali hamkuyaendesha kwa ukoo, hoja ya sheria ya 1865 ipo, na mahali pa kuipeleka ni Mahakama ya Wilaya pale Mafinga, ambayo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ina mamlaka juu ya mirathi midogo. Kwa hiyo kuchagua mahakama siyo suala la umbali tu. Ushauri wangu: kama shemeji na wazee wako tayari kuandika makubaliano ya mgawanyo yanayokutambua wewe na watoto wote, nendeni Mahakama ya Mwanzo, mtamaliza haraka. Kama anang'ang'ania kwamba mwanamke harithi, usiingie huko kabla hujakutana na msaidizi wa kisheria au wakili wa msaada mkazungumza juu ya Mahakama ya Wilaya.

Kabla hata ya kugawa, kuna mali ambayo siyo ya marehemu. Ekari mbili za mipaina umesema mlinunua wote. Itafute ile hati ya mauziano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali, na mali iliyonunuliwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa ya wote kwa usawa mpaka mtu athibitishe vingine. Kama jina lako limo, nusu ya shamba hilo haiingii kwenye orodha ya mirathi kabisa. Kama limeandikwa jina lake tu, kazi ni ngumu zaidi lakini haijaisha: tafuta mashahidi, aliyewauzia, risiti za miche, hata daftari la VICOBA linaloonesha ulikopa mwezi ule ule. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Lile lilikuwa shauri la talaka, siyo la mirathi, kwa hiyo usilibebe kama fimbo, ila hoja yake ina uzito na mahakimu wanaifahamu.

Kwa ardhi ya kijiji una ngao nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema kanuni yoyote ya mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Iandike namba hiyo kwenye karatasi uende nayo. Mtu akikuambia mwanamke harithi ardhi ya ukoo, kifungu kipo.

Na kama katika vikao hivyo kuna anayedokeza kwamba utabaki kwenye nyumba endapo utakubali kurithiwa na ndugu wa mume, Sheria ya Ndoa, kifungu cha 68, iko wazi: bila kujali mila inasemaje, mjane yuko huru kuishi anapotaka, kukaa bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Nyumba haifungwi kwenye sharti hilo.

Yule mtoto wa Makambako mwandike. Najua inauma na najua utashauriwa umwache. Mwandike jina lake, umri na mama yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Kanuni za mila zinambagua aliyezaliwa nje ya ndoa, na hakimu atalazimika kulipima hilo, lakini ukimficha wewe, umempa shemeji sababu nzuri kabisa ya kuja kuomba uteuzi wako utenguliwe.

Ukigawa, mipaina michanga msiikate ili mgawane fedha. Gawaneni ardhi pamoja na miti iliyo juu yake, pimeni kwa hatua mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa mpaka, wekeni alama. Fungu la watoto omba hakimu aandike kwenye amri yake nani atalishika na kwamba halitauzwa bila ruhusa ya mahakama. Sentensi hiyo moja huokoa mashamba mengi. Kisha peleka nakala kijijini ili daftari la ardhi libadilishwe, na kama kijiji chenu kinatoa hati za hakimiliki za kimila, omba yako kwa jina lako.

Hisa za VICOBA ziulizie kwenye katiba ya kikundi. Mara nyingi marehemu alishaandika jina la mtu wa kupokea.

Jirani yako hajakosea kuogopa, niseme hilo pia. Kwa mjane mwenye shilingi laki nne kwenye simu na baiskeli, safari za mahakamani ni mzigo mkubwa kuliko mali yenyewe, na wengi wanaziacha fedha hizo zilale. Naamini kabisa sheria yetu ingepaswa kuwa na njia fupi kwa kiasi kidogo: kiapo cha mrithi, uthibitisho wa mtendaji, tangazo kijijini, na benki inalipa. Siyo ndoto. Huko California, Marekani, mrithi wa mali isiyozidi kiwango kilichowekwa husubiri siku 40 baada ya kifo, akapeleka hati ya kiapo benki, bila kufungua shauri. Siku 40, mama. Sisi tayari tuna arobaini, ukoo unakusanyika, wadai wanajitokeza, kila mtu yupo. Na kwenye mgawanyo, Kenya walitunga sheria moja ya urithi mwaka 1972 na ikaanza kutumika mwaka 1981, inayomtambua mjane na kuwahesabu watoto wa kike sawa na wa kiume. Sisi bado tunawapa mahakimu sheria tatu na kuwaambia wachague. Nyinyi wenye wabunge wanaokuja kuomba kura, waulizeni hili.

Mpaka hapo sheria itakapobadilika, fanya hivi wiki hii: barua kwa mtendaji, hati ya mauziano ya mipaina, cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi ya deni la SACCOS. Ukifika Mahakama ya Mwanzo usianze na maombi. Muulize karani kwanza kama kuna jalada la mirathi lililofunguliwa kwa jina la mume wako. Kama shemeji ameshafungua, liangalie kaone ameorodhesha nini na amewaacha akina nani. Ukiwa bado ndani ya siku za tangazo, peleka pingamizi la maandishi siku hiyo hiyo.